Tambarare salama, Kitonga linachemsha

Msomaji wa Morogoro ameandika hivi, nami nimemfupishia kidogo:

"Nina Hilux ya dizeli, injini 5L, gia za mkono. Kazi yangu ni muziki wa harusi na mikutano, kwa hiyo navuta tela lenye spika na jenereta, jumla kama tani moja na nusu. Kutoka Morogoro mpaka Ruaha Mbuyuni mshale wa joto umetulia katikati. Nikianza kupanda mlima Kitonga kuelekea Iringa, sijafika nusu yake mshale unagusa nyekundu. Bila tela napanda bila wasiwasi. Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta na kutoa themostati (ile vali inayofungua njia ya maji yakipata moto), akanijazia maji. Sasa asubuhi gari linachelewa kupata moto, na mlimani linachemsha vilevile. Fundi wa pili anasema hedi, yaani kichwa cha injini, imekufa, nitafute injini ya mtumba. Halafu siku hizi feni haivumi kama zamani. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, injini usinunue. Sentensi yako ya kabla ya swali, hiyo ya feni, umeitupia kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Mimi ndiyo niliyoisoma mara mbili. Nitaanza nayo, halafu tupite kwenye mengine, maana gari linalochemsha mlimani mara nyingi huwa na magonjwa mawili madogo yaliyoshikana mikono.

Kwanza uelewe mlima unamfanya nini Hilux wako. Piga hesabu ya karatasi: gari na watu wake kilo 2,000, tela kilo 1,500, mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, spidi kilomita 40 kwa saa. Bila tela, magurudumu yanahitaji kama kilowati 16. Ukifunga tela, yanahitaji karibu 29. Sasa injini ya dizeli, kwa makisio ya kawaida, kila inapopeleka sehemu moja ya nguvu kwenye magurudumu, sehemu nyingine kama hiyo inaingia kwenye maji kama joto, na nyingine inatoka na moshi. Kwa hiyo rejeta yako inatakiwa kutupa nje kilowati 29 za joto. Birika la umeme la nyumbani lina kilowati 2. Chukua mabirika kumi na manne, yawashe yote, yafungie chini ya boneti: huo ndio mlima wako. Na 5L ina ziada yake, maana ni injini ya zamani inayochomea dizeli kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na injini za namna hiyo huyaachia maji joto zaidi kuliko hizi za kisasa za komoni reli.

Barabara ya tambarare inakusaidia kwa upepo. Ukiwa na spidi 80, hewa inaingia yenyewe kwenye grili, feni hata ikiwa imelala hutajua. Kitonga unakwenda 30 au 40, nyuma ya lori la mafuta, tena umetoka Ruaha Mbuyuni kule bondeni kwenye mibuyu na vitunguu, ambako joto la mchana lenyewe linatosha kukaanga yai. Pale hewa nyingi inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni. Feni ikiwa mvivu, mabirika yako kumi na manne hayana pa kupumulia.

Sasa hiyo feni. Kwenye gari lako haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji; katikati kuna klachi ya feni, lile dude la bati lenye mikunjo ya kupoozea. Ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna koili ndogo bapa, kama spiringi ya saa, inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, koili inajikunja na kufungua kijidirisha, mafuta yanaingia kwenye chumba cha kazi, na feni inashikwa na kuzunguka kwa nguvu. Ndiyo maana Hilux nzima mlimani huvuma kama ndege inayotaka kuruka. Yako imenyamaza. Mafuta yale huvuja taratibu kwa miaka, tone kwa tone, na hakuna taa ya dashibodi inayokwambia.

Kupima ni bure. Asubuhi injini ikiwa baridi, ufunguo ukiwa mfukoni mwako na si kwenye swichi, shika panga la feni uisukume kwa kidole kama unavyosukuma gurudumu la baiskeli. Nzima inakataa: inazunguka kidogo kwa uzito, kama unakoroga uji, na kusimama. Iliyokufa inaendelea kuzunguka mara mbili tatu yenyewe. Halafu lipeleke gari lipate moto hasa, zima, usukume tena haraka kabla halijapoa. Uzito unatakiwa uwe umeongezeka waziwazi. Angalia vidole: kuna mikanda na hozi za moto pale. Mwisho kagua uso wa klachi kwa tochi. Ukiona michirizi myeusi yenye vumbi lililoganda kuanzia katikati kwenda pembeni, kama miale ya jua mtoto anavyoichora, mafuta yameshatoka.

Kuna mafundi wanaotatua hili kwa kuchomelea klachi au kupitisha bolti mbili ili feni izunguke muda wote. Gari litapoa, sikatai, na kwa kurudi nyumbani usiku inaweza kukuokoa. Lakini feni iliyofungwa kabisa inakula nguvu ambayo 5L haina ya kugawa (cc 2,986 bila tabo, si mchezo), inapiga kelele njia nzima, na mapanga ya plastiki yaliyozeeka yanaweza kupasuka kwa spidi kubwa na kuchana rejeta. Klachi nyingi za Toyota zinafunguliwa na kujazwa mafuta mapya ya silikoni. Kama beringi yake haichezi, jaza. Kama inacheza, tafuta nyingine, na ya mtumba usinunue kabla hujaisukuma kwa kidole dukani.

Ukiwa hapohapo, tazama kama kava la feni lipo. Lile la plastiki nyeusi linaloizunguka feni na kushikana na rejeta. Sijui kwa nini, lakini kwenye magari yaliyowahi kufunguliwa rejeta mara mbili tatu, kava huwa limeachwa kwenye kona ya gereji, eti "linasumbua kulifunga". Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, hewa ambayo haikupita kwenye rejeta. Unakuwa na feni nzima inayopoza boneti.

Kama feni yako itafaulu mtihani, au hata ikifeli, rejeta yenyewe lazima ikaguliwe. Niliwahi kuletewa pikapu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ilikuwa imebadilishiwa pampu ya maji, themostati na kifuniko, na bado ilichemsha ikivuta tela. Kwa mbele ukiangalia kwenye grili ilikuwa safi, inang'aa. Nililegeza kondensa ya AC, ile inayokaa mbele ya rejeta, nikaisogeza vidole vinne tu, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama mkeka: nyuzi za mkonge, mbegu za nyasi, mbawa za wadudu na matope, vimeshikana unene wa kidole. Tuliubandua kama ngozi ya mbuzi. Gari halikuchemsha tena, na wenye gari walikuwa wameshalipa spea tatu ambazo hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo usiku weka tochi upande wa injini, mtu mwingine akae mbele aangalie. Mwanga unatakiwa upenye sawasawa. Penye giza pameziba. Kusafisha, maji ya bomba ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ile mashine ya kuoshea magari kwa presha iache kabisa, inalaza vibati vyembamba vya rejeta na kufunga njia ya hewa daima dumu.

Kuziba kwa ndani kunaonekana kwa kipimajoto cha kulenga, kile kinachofanana na bastola. Injini ikiwa ya moto, pitisha mwanga wake juu ya rejeta taratibu, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Joto linatakiwa lishuke polepole kutoka maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Ukikuta eneo baridi ghafla katikati, mirija ya pale haipitishi maji. Rejeta ya shaba fundi anaweza kuifungua tangi na kupitisha ubapa wa chuma ndani ya mirija yote. Uliza pia kama kuna mirija iliyowahi kuvuja ikazibwa kwa risasi ya kulehemu, maana kila mrija uliozibwa ni sehemu ya rejeta iliyokufa. Ya alumini yenye matangi ya plastiki, badilisha tu.

Kipimajoto hichohicho kitakusaidia kujua kama mshale wako unasema kweli. Geji za zamani zikiwa na waya wa ardhi mbovu hudanganya, hasa ukiwasha taa na AC. Lenga kwenye kikombe cha themostati pale hozi ya juu inapoingia. Lakini alumini inayong'aa humdanganya huyu bwana, anasoma chini kuliko ilivyo. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, kiache kipate moto, ndipo ulenge pale. Ukisoma 90 huku mshale uko kwenye nyekundu, tatizo lako ni waya au sensa. Ukisoma 105 na kupanda, mshale hauna kosa.

Themostati irudishe. Hapa fundi wako wa kwanza alifuata imani iliyoenea toka Tunduma mpaka Tanga, kwamba themostati ni kizuizi na ukiitoa maji yanapita vizuri. Themostati nyingi za Toyota zina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na cha chini, wakati huohuo, kinaziba njia ya mchepuko inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukitoa themostati, mchepuko unabaki wazi muda wote. Maji ya moto yanapata njia ya mkato, mengine hayaioni rejeta, na mlimani ndipo unapoyahitaji yote. Asubuhi nako injini inakaa baridi muda mrefu, inakula dizeli na kuchakaa. Dalili uliyoandika ni hiyohiyo.

Nunua yenye alama ya 82, na kabla hujaifunga ichemshe kwenye sufuria ukiwa na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na 82, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka angalau milimita 8. Kile kijipini kinachocheza kwenye ukingo wake kikae juu, ndicho kinachotoa hewa wakati wa kujaza maji. Wengi wanakiweka chini, hewa inabaki kwenye hedi, halafu wanashangaa.

Maji. Mtu akikwambia maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, hakudanganyi. Ila maji ya kisima yana chumvi inayoganda ndani ya mirija na kutu inayokula mapanga ya pampu ya maji, na mwishowe pampu inazunguka bila kusukuma vizuri. Tena maji matupu yanachemka mapema. Pwani ni nyuzi 100. Iringa mjini, kwa ule urefu wake, ni kama 95. Kwa maneno mengine, kila unapopanda unapunguziwa akiba. Kinachokurudishia akiba hiyo ni kifuniko cha rejeta: kikiandikwa 0.9, yaani presha kinayoishika, na kikishika kweli, kiwango cha kuchemka pwani kinasogea karibu na 118. Kifuniko kibovu kinageuza rejeta kuwa sufuria isiyo na mfuniko. Chako ni kipya, vizuri, lakini kipya si lazima kiwe kizima: kiangalie mpira wake wa chini na ile vali ndogo ya katikati, na gari likishapoa angalia kama maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba yamerudi. Yasiporudi, kuna hewa inaingia mahali. Kwa mchanganyiko, nusu kulanti nusu maji yasiyo na chumvi yatakutosha. Ukinunua dukani ya kuongezea betri, hakikisha si tindikali.

Tufike kwenye hedi, ambayo fundi wa pili ameihukumu bila kuipeleka mahakamani. Inawezekana kweli ikawa imeumia, hasa kama umeshafika kwenye nyekundu mara nyingi, kwa hiyo ipime. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, fungua kifuniko, jaza maji, kifunge. Mwenzako awashe wewe ukiwa umeshika hozi ya juu. Injini ya baridi haina sababu ya kuifanya hozi iwe ngumu ndani ya nusu dakika. Ikikaza kama tairi mkononi mwako, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kuna pia kile kipimo cha kioo chenye dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: dawa ikigeuka kijani au njano, hedi au gasketi yake imetoboka. Na unajuaje mwenyewe? Maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, mapovu hayaishi rejetani, moshi mweupe wenye harufu tamu. Wewe hukuandika hata moja, na bila tela gari linapanda mlima uleule. Hedi iliyopasuka kwa kawaida haichagui siku za harusi. Sifa ya kupasua hedi ilikuwa ya ndugu yake 2L-T yenye tabo; 5L ni mvumilivu, ukimheshimu.

Mambo mawili madogo upande wa injini. Mkanda wa feni na pampu ukiwa unang'aa kama kioo kwenye pande zake, unateleza ukipewa mzigo, badilisha. Na mtu aliye nyuma yako akwambie rangi ya moshi ukipanda. Ukiwa mweusi tii, pampu ya dizeli imefunguliwa ili "gari lipate nguvu", na ile dizeli ya ziada inazidisha joto. Irudishwe kipimo.

Usilisahau tela. Ukifika Ruaha Mbuyuni, simama, weka kiganja karibu na kila habu, pale katikati ya gurudumu. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki yake inabana au beringi imekauka, na Hilux anavuta mzigo usiokuwepo kwenye orodha. Matairi yajaze upepo. Jenereta likae juu ya ekseli, mbele kidogo, isiwe nyuma kabisa. Na hiyo "kama tani moja na nusu" ikapimwe kwenye mizani ya ghala la nafaka. Watu wa muziki mna tabia ya kuongeza spika moja kila msimu.

Ukishatengeneza, namna ya kupanda pia ibadilike. Shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kulia chini kwa chini. Gia ya pili yenye mzunguko wa kati inazungusha pampu ya maji na feni kwa kasi. Gia ya tatu ukiikandamiza mpaka mwisho unachoma dizeli nyingi huku pampu inatembea kwa mguu mmoja. AC zima. Mshale ukianza kupanda, fungua hita ya ndani yote na madirisha yote. Utaloa jasho, lakini hita ni rejeta ya pili.

Ukizidi kupanda, tafuta pa kusimama mapema, si kwenye kona. Kama maji bado yamo na hakuna mvuke, usizime papo hapo. Acha injini izunguke bila mzigo, mguu kidogo kwenye mafuta, dakika kadhaa, mpaka mshale ushuke. Kama hozi imepasuka au mvuke unafoka, zima mara moja. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa nzima, na maji baridi usiyamwage kwenye injini ya moto, hapo ndipo hedi nzima inapopasuliwa na mikono ya mwenyewe. Magurudumu ya tela yawekee mawe, na ukiondoka, tafadhali, uyatoe barabarani. Kitonga imejaa mawe ya watu waliopona wakasahau.

Jumamosi hii fanya matatu tu: sukuma feni, weka tochi nyuma ya rejeta, shika hozi asubuhi. Hayakugharimu hata shilingi. Halafu niandikie feni ilizunguka mara ngapi, mwanga ulipenya wapi, na hozi ilikaza au haikukaza, kabla ya kumpa mtu yeyote hela ya injini.